Siku ya Kofia ya Baba

Baba alikuwa na kofia moja ya pama, ya rangi ya udongo, aliyoinunua Musoma mwaka aliooa, enzi ambazo ukiingia dukani unakuta vitu. Aliivaa kanisani, mnadani na misibani. Akirudi aliitundika kwenye msumari juu ya kiti chake, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Lakini kila mwaka, siku ya kukumbuka ndoa yao, asubuhi baada ya uji aliitungua mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akamvisha mama. Kisha akajifunga kanga ya mama juu ya suruali na kwenda jikoni.

Sisi watoto tuliiita Siku ya Kofia. Kuanzia hapo mpaka jua litue, mama alikuwa baba na baba alikuwa mama. Mama alikaa kwenye kile kiti cha mbao chenye mikono, ambacho siku nyingine hakikaliwi na mtu ila baba, akanyoosha miguu na kukohoa kile kikohozi cha baba cha kutangaza kwamba yupo. Na kulikuwa na sheria. Anayepika hapakui mpaka mwenye kofia aulize, "Chakula bado?" Firigisi ya kuku ni ya mwenye kofia. Mpishi haketi mpaka mwenye kofia ashibe.

Mama ndiye aliyetusimulia mchezo ulivyoanza. Walikuwa hawajamaliza mwaka tangu waoane. Baba alirudi kutoka Bunda kupeleka pamba, hata hajakaa sawasawa akauliza, "Chakula bado?" Mama alikuwa na mimba ya kwanza, kuni mbichi, moshi umemjaa machoni. Akamjibu, "Iko siku utapika wewe, na mimi nitakaa hapo nikuulize hivyo hivyo." Mwanaume mwingine wa kijijini kwetu angetafuta fimbo. Baba akauliza, "Siku gani?" Mama hakuwa mtu wa kukosa jibu. Akasema, "Siku uliyonioa." Siku ilipofika, baba akaingia jikoni.

Kijiji chetu kiko kati ya Butiama na Bunda. Watu ni wakulima wa pamba, mtama na muhogo, na kila mmoja ana ng'ombe wake wachache, au alikuwa nao kabla wezi hawajapita. Miaka ile mwanaume kuonekana na mwiko mkononi lilikuwa jambo la kuzungumzwa kilabuni mwezi mzima. Baba alijua. Siku ya Kofia alipika mlango wa jiko ukiwa wazi.

Ninayoikumbuka zaidi ni ile miaka ya dhiki baada ya vita, tulipoambiwa tufunge mikanda na mikanda yenyewe haikuwepo. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Moto tuliomba kwa jirani kwenye kigae, maana kiberiti kilikuwa kitu cha kufichwa. Sukari ilikuja duka la kijiji siku isiyojulikana, na foleni ilianza kabla haijafika. Watu walikuwa wakali miaka ile, hata wapole walikuwa wakali, na sishangai. Sasa katikati ya hayo yote, wazazi wangu wawili, watu wazima wenye watoto watano, walikuwa wakicheza. Siku ya Kofia ya mwaka mmoja baba alimletea mama kipande cha sabuni ya kuogea kutoka Musoma, kidogo tu, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mama akakinusa, akaivua kofia, akakiweka ndani yake na kuivaa tena. Hakukiogea. Alikitia katikati ya nguo zake za kanisani, kikakaa huko mpaka harufu ikaisha.

Ugali wa baba ulikuwa na madonge. Alisonga kwa nguvu nyingi na akili kidogo, jasho linamtoka, kanga inamvuka, huku akimwigiza mama kwa sauti nyembamba: "Nani huyo anaingia na matope? Mimi mnanionaga punda wenu?" Mama naye kule kitini alishika gazeti kuukuu la mwaka juzi, akauliza bila kuinua macho, "Fimbo yangu imehamishwa na nani?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu mama akaongeza kwa kile kisauti cha baba cha puani, "Huyu mwanamke anapendaga kelele sana. Nilipomuoa alikuwaga kimya." Kutoka jikoni baba akajibu, "Ulinioa nikiwa na njaa. Mwenye njaa hana maneno."

Watu walikuja kutazama. Kwanza walichungulia ua, baadaye wakawa wanaingia na viti vyao. Aliyekuwa hakosi ni baba mkubwa, kaka yake baba.

Lazima nimweleze huyu vizuri, maana nimemsema vibaya maishani mwangu kuliko alivyostahili. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea baba yangu, na ng'ombe waliomleta mama kwetu walitoka zizini kwake. Kwa hiyo akisema jambo, baba alikuwa anaitika tu, "Ndiyo, kaka." Sijawahi kumsikia akimwambia kaka yake hapana. Kanisani baba mkubwa alionekana Krismasi, basi. Lakini Siku ya Kofia alikuwa wa kwanza kufika, akamsalimia mama kwa heshima ya uongo, "Mdogo wangu, habari za hapa?" Na mama alimjibu, "Nzuri, kaka. Karibu, mke wangu anapika." Baba mkubwa alicheka mpaka akapaliwa.

Mwaka mmoja, wakati nikiwa darasa la nne au la tano, utani ulizaa mbuzi. Tulikuwa na beberu mmoja mweusi, mnene, ambaye baba mkubwa alimtamani siku nyingi. Akiwa ameketi karibu na mama, akasema, "Mdogo wangu, lile beberu jeusi lina kazi gani hapa? Nipe mimi." Mama, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, akapunga mkono kama tajiri: "Chukua, kaka. Kitu gani beberu?" Watu wakaangua kicheko.

Kesho yake asubuhi baba mkubwa alikuja na kamba.

Mama alidhani bado ni utani. Baba alidhani bado ni utani. Baba mkubwa alimfunga beberu shingoni, akasimama uani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani, "Neno limetoka kwenye kiti. Aliyevaa kofia ndiye mwenye nyumba, ninyi wenyewe ndio mnasemaga. Au mnanichezeaga mimi?" Akaondoka na beberu letu. Baba alimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya mashamba, akamwambia mama, "Basi, imeshakuwa sheria." Kijiji kizima kilicheka wiki nzima, na baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Alisimulia kilabuni jinsi alivyopewa beberu na ndugu yake mwenye kanga, na kila aliyemuuliza kama ni haki alimjibu vilevile: neno limetoka kwenye kiti.

Mwaka niliomaliza darasa la saba nilikuwa na miaka kumi na minne, miguu mirefu, na sikujua kufanya kitu kizuri zaidi ya hesabu. Tulikuwa tumeshafanya mtihani, tunasubiri matokeo. Darasa letu lote, msichana aliyetegemewa kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali alikuwa mimi. Mwalimu mkuu alishawahi kupita nyumbani kumwambia baba hivyo, na baba akamsikiliza kofia mkononi.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya zizi nakusanya mavi ya ng'ombe ya kukandikia ukuta. Ng'ombe tulikuwa nao wawili tu wakati huo, wengine walikuwa wamechukuliwa na wezi mwaka uliotangulia. Baba mkubwa na baba walisimama upande wa pili, hawakuniona. Baba mkubwa alisema kuna mzee mmoja wa upande wa Kabasa, mtu mwenye ng'ombe na heshima, ambaye kijana wake anataka kuoa. Alisema msichana ameshamaliza shule. Alisema zizi hili limebaki kaburi, na watoto wa kiume wa ukoo huu wataoa kwa ng'ombe gani? Alisema yote haya kwa upole, na ndiyo maana niliogopa. Nilisubiri baba aseme neno. Nilisubiri sana. Kisha nikasikia, "Ndiyo, kaka. Waje. Waje Jumamosi."

Nakumbuka nilibaki nimeshika yale mavi mkononi, sijui niyatupe au niyaweke. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu jioni ile. Mimi ni mtu wa kinyongo, nasema wazi. Nikishaweka kitu moyoni nakitunza, nakilisha, kinakua.

Siku mbili baadaye, wakati wa uji, baba akatangaza kwamba Jumamosi ni Siku ya Kofia. Wadogo zangu wakaruka ruka. Mimi nikamtazama yule mtu. Ana wageni wa kuja kunichukua, na kinachomshughulisha ni mchezo! Nikamtazama mama. Mama aliendelea kukoroga uji wa mtoto wa mwisho. Nikajisemea kwamba sina mtu hapa duniani.

Jumamosi ikafika. Baba akatungua kofia, akaipangusa kwa kiwiko, akamvisha mama. Mwaka ule hawakucheka sana. Mama alikaa kitini ameshika fimbo ya baba kwa mikono miwili. Baba alichinja jogoo, akafunga kanga, akaingia jikoni, na mimi nikatumwa kumenya vitunguu. Nilimenya nimempa mgongo. Nilikuwa nalia, na namshukuru Mungu kwa vitunguu.

Wageni walikuja watatu: baba mkubwa, yule mzee wa Kabasa aliyevaa koti zito juani, na rafiki yake wa kumsindikiza. Walipoingia uani wakakuta majirani wameshajaa, viti vimepangwa, na mama ameketi na kofia. Baba mkubwa alisimama kidogo. Halafu akacheka, maana hakuwa mtu wa kuchukia mchezo ule. Akamgeukia mgeni, "Usishangae, mzee. Hawa wana mchezo wao, leo ndiyo siku yenyewe. Huyu ndiye mdogo wangu, mwenye mji." Mzee wa Kabasa alitabasamu kwa mbali, kama mtu aliyekalishwa juu ya siafu.

Wakakaa. Baba akatoka jikoni na birika la maji ya kunawa, akapiga goti mbele ya mgeni kama mke wa nyumba, macho chini, kanga kiunoni. Majirani wakapiga vigelegele. Baba mkubwa akamnong'oneza, lakini nong'ono lake lilikuwa la mtu anayeita ng'ombe, sote tulisikia: "Sasa inatosha. Vua hiyo kanga uje tuongee."

Baba akasema, "Kaka, mimi leo napika tu. Mwenye nyumba yule pale." Akainuka, akarudi jikoni. Alipita karibu yangu. Hakunitazama, nami nikadhani ni aibu.

Mama akakohoa. Kile kikohozi.

"Kaka," akamwambia baba mkubwa, "umeniletea wageni. Karibuni sana. Kuna neno?"

Baba mkubwa akatazama huku na huku. Watu wamejaa, wananyoosha shingo. Angeweza kusema hakuna neno, wakala, wakaondoka, wakarudi siku nyingine. Nimewaza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Nadhani alipenda mno mchezo, na alijua mama kwenye kofia huwa mkarimu. Beberu alilipata hivyo hivyo. Akasema kwa mbwembwe, "Lipo, mdogo wangu. Mzee huyu ameona ua hapa kwako. Anauliza kama linachumika."

Majirani wakageuza shingo kwangu, kisha kwa mama.

Mama hakuigiza tena sauti ya baba. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, na sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo mbele ya wanaume. "Mzee, asante kwa kutuheshimu. Binti huyu amefanya mtihani. Akichaguliwa, anaenda shule. Asipochaguliwa, anakaa hapa kwa baba yake mpaka akue, na siku hiyo ikifika mtauliza nyinyi au wengine. Haolewi mwaka huu wala mwaka kesho. Mimi mwenye nyumba nimesema."

"Shemeji!" Baba mkubwa alisahau mchezo. Akasimama. "Shemeji, mambo ya ng'ombe si ya kuchezea. Huo ni utani wenu tu wa mwaka!"

Mama akaisogeza kofia nyuma kidogo ili aonekane macho. "Kaka, lile beberu letu jeusi lilisharudi?"

Aliyeanza kucheka ni bibi mmoja jirani asiye na meno. Kisha mwingine. Kisha ua mzima, wanaume kwa wanawake, wakashikana mabega, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Neno limetoka kwenye kiti!" Baba mkubwa alisimama pale katikati, mdomo wazi, akitafuta njia na haioni. Njia zote alikuwa ameziziba mwenyewe kwa maneno yake ya kilabuni. Hata yule mzee wa Kabasa akauliza, "Beberu gani?" Akasimuliwa. Na yeye akacheka, jamani, koti zito likatikisika. Akasema, "Basi sisi tumesikia. Tuleteeni hicho chakula."

Mama akageuza uso kuelekea jikoni. "Chakula bado?"

"Tayari!" akaitika baba.

Firigisi alikula mama. Ugali ulikuwa na madonge.

Kesho yake Jumapili tulitembea mpaka parokiani kama kawaida. Naikumbuka misa ile kwa kitu kidogo. Siku yao waliihesabu kwa Jumamosi, si kwa tarehe, hivyo kila mwaka, kesho ya Siku ya Kofia, padri alikuwa akitoka amevaa zambarau, na sisi watoto tulikuwa tumeziunganisha hizo mbili akilini: baba kavaa kanga, padri kavaa zambarau, Krismasi imekaribia. Mwaka ule alitoka amevaa kijani. Nilimnong'oneza mama, "Mbona kijani?" Mama akaniambia, "Padri ana mambo yake. Sali." Nilikuwa na ya kumshukuru Mungu, nikasali, nikasahau.

Nilichaguliwa. Mwezi wa kwanza nilipanda lori la pamba kwenda Musoma na sanduku la bati, nikiwa na sketi iliyoshonwa kutokana na koti la baba. Kijijini baba alibaki na jina jipya. Walimuita Mpishi. Kabla ya siku ile kanga ilikuwa utani wao wote. Baada ya ile siku ikawa kitu cha kumchoma nacho. Mtoto akikosea kidogo, "Huyo ni wa Mpishi." Baba akisema jambo kwenye mkutano wa kijiji, kuna atakayeuliza kama ametumwa na mwenye kofia. Baba mkubwa hakukanyaga kwetu karibu miaka miwili, na baba alikwenda kwake kila Jumapili mchana, akakaa mlangoni, wakati mwingine hata maji hakupewa. Nilipokuja likizo nilimwona akitoka huko, anatembea taratibu na kofia mkononi. Sikumwonea huruma. Nilijiambia, alitaka kuniuza, mwache ajute.

Mambo yakafunguka, ukaja wakati wa ruksa. Mitumba ikamwagwa sokoni mpaka watu wakaanza kuchagua rangi. Sabuni zikawa za kila harufu. Baba akapata kwenye rundo la mitumba Bunda aproni nyeupe yenye mikunjo mikunjo na maua kifuani, akarudi nayo mbio kumwonyesha mama, na tangu hapo Siku ya Kofia ilikuwa na vazi rasmi. Kulikuwa na soda, kulikuwa na mchele, na madonge yalibaki palepale. Baba mkubwa alirudi, akanenepa, akacheka tena, lakini hakuuliza tena kitu kitini, hata maji ya kunywa. Mimi nikawa mwalimu wa hesabu, nikaolewa na mtu niliyemtaka, nikajenga Bweri, pale Musoma.

Na kila palipokuwa na sherehe niliisimulia hadithi ya kofia. Niliisimulia siku ya harusi yangu, mbele ya ukumbi mzima. Niliisimulia tulipomuaga binti yangu anaolewa. Nilijua mahali pa kusimama ili watu wacheke, na nilikuwa na mtindo wa kumwonyesha baba kwa kidole: "Huyo hapo alishasema ndiyo! Alishaniuza! Mama yangu ndiye aliyeniokoa, huyu yuko jikoni anapigana na kuni!" Ukumbi unacheka. Baba naye anacheka, meno yake machache yote nje, anapangusa macho kwa leso.

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita, kwa ugonjwa uliomchukua polepole. Baba mkubwa alimfuata mwaka uliopita, mzee sana. Baba anakaa na mimi Bweri. Alikuja na begi moja, kiti chake, na kofia, ambayo sasa ni nyuzi zaidi ya kofia. Nimeitundika mwenyewe juu ya kiti. Kila mwaka siku yao ikifika anaingia jikoni kwangu, anapika, anapakua sahani ya kwanza anaiweka mbele ya kiti kitupu. Sisi wengine tunakula baadaye, bila maneno mengi.

Mwaka huu nilitaka tumwombee mama misa siku ya ndoa yao, na parokia ya kule kijijini ikanitolea nakala ya cheti chao cha ndoa. Nilikisoma nikiwa nimesimama nje ya ofisi. Katibu wa parokia alikuwa mtu wa kupenda maelezo. Akahesabu kwenye vidole, akaniambia, "Hii ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Walikuwaga wanakimbizana siku hiyo, maana Majilio, zile wiki nne kabla ya Krismasi, hakuna ndoa." Nikamshukuru. Niliposhika njia ya kurudi ndipo padri yule wa kijani aliponirudia.

Zambarau ni ya Majilio. Kama mwaka ule wa wageni kesho yake padri alivaa kijani, basi ile haikuwa siku yao. Nikahesabu, kazi yangu ni kuhesabu. Tulifanya mtihani, matokeo bado, mtama haujapandwa. Siku yao ilikuwa mbele, zaidi ya mwezi mzima.

Nilimkuta baba barazani anaota jua. Nikakaa chini kwenye ngazi. Nikamuuliza, "Baba, mwaka ule wa wageni wa Kabasa, Siku ya Kofia ilifanyika mapema. Kwa nini?"

Akasema, "Jogoo alikuwa amenona."

"Baba."

"Angeibiwa yule."

Akachezesha kidole gumba juu ya mkono wa kiti. Mwisho akasema, "Kaka alinilea mimi. Ningemwambia hapana kwa mdomo gani? Nilijaribu pale zizini, ulimi ukagoma. Nikawaambia waje Jumamosi. Kaka alikuwaga hajui Majilio ni nini, asingejua kwamba siku yetu bado." Akacheka kidogo peke yake. "Nikamwambia mama yako, Jumamosi tunavaa kofia. Mama yako akaniuliza, 'Wanakuja wangapi?' Basi. Hatukuongea zaidi. Siku nilitaja mimi, maneno alikuwa nayo yeye."

"Na hukuniambia! Miaka yote hii nakusema mbele za watu."

"Ningekuambiaje? Wewe ulikuwaga na mdomo. Kaka angesikia kwamba tulipanga, neno la kiti lingekufa siku hiyo hiyo, na ungerudishwa kutoka shule. Baadaye," akainua bega, "ulikuwa unasimulia vizuri. Watu walikuwa wanafurahi. Mama yako alitaka kukuambia, nikamwambia amwache mtoto. Mpaka kaka aondoke duniani."

Nilishindwa kusema pole. Neno pole ni dogo. Nilimkumbuka akitoka kwa kaka yake mchana na kofia mkononi bila kupewa hata maji, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, mimi mwalimu, mimi mama wa watu. Nikaweka kichwa kwenye goti lake nikalia bila vitunguu.

Aliniacha kidogo. Halafu akanisukuma bega. "Inuka. Leo siku gani?"

"Jumamosi, baba. Lakini siku yenu bado wiki tatu."

"Nimeshawahi kuisogeza," akasema.

Akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akatungua kofia, akaipangusa kwa kiwiko, akanivisha. Akanikalisha kwenye kiti. Nikamsikia jikoni akifungua makabati yangu, akiuliza mwiko umehamishwa na nani, akiwasha jiko la gesi ambalo huwa analiogopa. Maji yakachemka. Akasonga, nikamsikia anahema. Kisha mwiko ukawekwa chini.

Akatoa kichwa mlangoni. Alikuwa amevaa aproni ya maua, unga kwenye nyusi.

"Uliza basi," akasema. "Usipouliza, sipakui."

Nikaisogeza kofia nyuma ili anione macho, nikakohoa kile kikohozi, nikauliza.